Friji Lisilogandisha

Lilikufa mwezi wa Aprili, kompresa imeungua.
Fundi akalipiga kofi mbili, akasema: hili, mama, ni la kuzika.
Nikalitazama lilivyolala kibarazani kwa Bi Havijawa,
jekundu la soda, kioo cha juu bado kizima,
mpira wa ukingoni bado unabana,
nikawaza: maji hayaingii humu. Mchwa haingii.
Wala panya.

Miaka thelathini na moja nilipanga barua za watu Posta.
Jicho kwenye anwani, mkono unakwenda wenyewe.
Mkono wa namna hiyo haustaafu.
Nikaleta vitabu vyangu kumi na vinne kwenye beseni la kufulia.
"Unauza?" akauliza Havijawa.
"Nabadilisha. Weka kimoja, chukua kimoja.
Uwe umetimiza sitini, au umechoka kama wa sitini."
Alicheka mpaka khanga ikamvuka.
"Magomeni hii? Macho yetu yamebaki ya kuhesabia vidonge."

Wiki ya kwanza hakuja mtu.
Ya pili alikuja paka, akalala juu ya kioo.
Ya tatu akaja Bi Kokuhirwa, mkunga mstaafu,
na riwaya saba, zote hazina ukurasa wa mwisho.
"Mume wangu alikuwa anawashia sigara," akasema,
"niliishi naye miaka arobaini bila kujua nani kafa."
Tukazipokea hivyo hivyo.

Kwenye mshikio tukafunga miwani mbili kwa kamba ya katani,
moja ya kuonea karibu, moja ya karibu zaidi.
Na daftari: jina, ulicholeta, ulichochukua.
Kibwana fundi cherehani, chumba na sebule, hana hata kuku,
alichukua kitabu cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa
na mpaka leo hajakirudisha.
Amefika kwenye magonjwa ya kiwele, anasema, hawezi kuwaacha wakiugua.

Ndani ya vitabu hutoka mambo.
Kadi ya kliniki ya mtoto ambaye leo ana mvi.
Noti ya shilingi ishirini.
Kitabu cha mapishi kilichochafuka ukurasa wa pilau tu,
kwingine kote kisafi kama hakijaguswa.

Mzee Ndemasi alichukua kinene kuliko vyote.
Alhamisi akakirudisha, akachukua kinene kingine.
Mahali pa jina alichora mstari wenye vilima viwili;
niliutafuta N ndani yake, sikuiona.
Siku moja nikamkuta kwenye benchi,
kitabu juu chini,
anapindua kurasa polepole, moja, moja.

Nikakaa. Sikusema kitu.
Bahasha ya mtu haifunguliwi, hilo Posta walitufunza.
Akaifungua mwenyewe:
"Marehemu alikuwa anasoma usiku. Mimi nalala, nasikia karatasi.
Fyuu. Kimya. Fyuu.
Tangu Januari nyumba haina ule mlio.
Redio nimejaribu. Siyo."

Paka alishuka, akajinyoosha, akapanda tena.

"Ngumbaru nilikwenda," akasema.
"Nilifika kwenye ng', nikapata kibarua bandarini.
Nikaiacha pale pale ubaoni.
Itakuwa imeshafutwa."

Nilitaka kusema neno kubwa, halikuja.
Nikakigeuza kitabu mkononi mwake, juu kukawa juu,
tukatazama mistari wote wawili kama watu wanaotazama mvua.
Nilipitisha kidole ukurasa mzima kutafuta ng',
haikuwemo. Ukurasa wa pili, haikuwemo.
"Imekimbia," akasema, akacheka, jino moja la dhahabu.

Usiku nikakumbuka inakoishi.
Ipo kwenye jalada, herufi za kwanza kabisa,
kubwa, nyeusi, na picha ya mwenyewe pembeni ana kwato nne.

Kesho asubuhi naenda kwa Kibwana.
Akatae asikatae.
Hao ng'ombe wake watasubiri.